Sanduku la Darajani

Machi 2

Leo nimepokea barua ya kunishusha cheo bila kunipunguzia mshahara, na wenyewe wanaona wamenifanyia hisani. Miaka kumi na tisa nimeusoma mto kwenye daraja hili, asubuhi, mchana na jioni. Nachungulia alama zilizopakwa rangi kwenye nguzo, naandika kwenye daftari, napiga simu idara ya maji, nasema namba, wananiambia asante. Kuanzia leo mimi ni "mwangalizi wa kifaa".

Kifaa chenyewe ni sanduku la kijivu lililofungwa kwenye ukingo wa daraja. Lina antena fupi, na ndani lina laini ya simu kama hii yangu. Kila dakika kumi linapima kina cha maji na kutuma namba kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta ya idara. Maji yakifika mita mbili na themanini, kompyuta inawasha king'ora kule bondeni bila mtu kuigusa. Mimi kazi yangu ni kulifuta vumbi sanduku na kufyeka majani yasiizibe antena.

Barua inamalizia hivi: "Ili kuepusha mkanganyiko, vipimo vya mkono visitumwe tena ofisini kwa simu." Yaani miaka kumi na tisa yote, kumbe mimi ndiye mkanganyiko.

Daftari la ofisi wamelichukua. Hili ni langu, na humu nitaandika nitakacho.

Machi 3

Nguzo: moja na ishirini. Sanduku: moja na ishirini. Sina la kusema.

Machi 5

Nimepita kwa mdogo wangu. Chekechea yake iko bondeni, hatua kama mia kutoka ukingo wa mto, na mwaka huu ana watoto thelathini na saba. Mvua kubwa ikinyesha juu milimani, maji yakipita darajani kwangu yanachukua saa moja na nusu kufika kwenye geti lake. Nimelipima jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyopima nguo dukani. Zamani nikiona hatari nilikuwa naipigia ofisi kwanza, halafu yeye.

Leo kaniambia nisimpigie tena. "Dada, usinielewe vibaya. Mwaka jana nilihamisha watoto kwa neno lako, maji yakaishia kwenye ukuta, hayakuingia hata kidogo. Watoto sita walipata homa kwa kulowa. Wazazi walinisema wiki nzima. Safari hii Mkuu wa idara ametuita, tumetia saini: watoto wanahamishwa king'ora kikilia, basi."

Nikamwambia maji kuishia ukutani si kosa langu, ni bahati yake. Akaendelea kupanga vikombe. Nimerudi nyumbani nimenuna, na sijaona aibu yoyote kununa.

Machi 11

Mvua ya kwanza. Injinia aliyelifunga sanduku amekuja kulikagua. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, upara umeshamuanza, anatembea juu ya daraja langu na viatu vyeupe. Hakuniuliza hata swali moja kuhusu mto. Aliniwekea kwenye simu ukurasa unaoonyesha namba ya sanduku, katikati ya duara la kijani. "Kijani maana yake salama, mama." Nikamjibu kwamba rangi nazijua.

Machi 12

Nguzo: moja na thelathini na tano. Ukurasa: vivyo hivyo.

Machi 14

Moja na arobaini. Vivyo hivyo. Nimefyeka majani.

Machi 19

Jioni imepiga mvua ya kweli, ya kufanya watu wote wakumbuke ndugu zao. Pale kwa Fundi baiskeli, kwenye kibanda chake mwisho wa daraja, kila aliyejibanza alikuwa na simu sikioni. Umefika wapi, usitoke, funika maharage, mtoto karudi?

Saa kumi na moja na robo nguzo ilisema moja na sabini na tano. Ukurasa ulisema moja na hamsini, ndani ya kijani kizuri kabisa. Nikasubiri dakika kumi. Moja na hamsini. Ishirini. Moja na hamsini. Dakika arobaini na tano nzima sanduku lile lilishikilia namba ile ile huku maji yanapanda mbele ya macho yangu. Mvua ilipopungua, watu wakaweka simu mfukoni, na ukurasa ukaruka ghafla hadi moja na themanini.

Nikavunja amri, nikampigia Mkuu.

"Mama yangu," akasema, "mfumo unaonyesha moja na themanini."

"Sasa hivi. Robo saa iliyopita ulikuwa unaonyesha uongo."

"Mfumo hauchoki, hausinzii, hausahau miwani nyumbani."

Miwani niliisahau mara moja, mwaka ambao yeye mwenyewe bado alikuwa karani. Nikakata simu. Majibu yote mazuri yalinijia wakati naosha vyombo.

Machi 23

Injinia amerudi, nami nilikuwa nimemsubiri kwa hamu ya kumsema. Nikamfungulia daftari: saa hii nguzo hivi, ukurasa hivi. Nilitegemea acheke. Badala yake akaketi juu ya ukingo uliolowa, na suruali yake safi, akasoma kila mstari.

"Umeandika dakika?"

"Nimeandika dakika miaka kumi na tisa."

Akanieleza, na safari hii aliongea na mimi kama mtu. Sanduku linatumia teknolojia ya zamani inayoitwa GPRS. Namba inafungwa kwenye pakiti ndogo, na pakiti inasafiri kwenye nafasi ambazo simu za sauti hazizitumii. Mtu akipiga simu kwenye mtandao huo, yeye ndiye anayepewa njia kwanza. Pakiti zinakaa pembeni zikingoja. Watu wawili watatu wakipiga, hakuna tatizo. Mji mzima ukipiga kwa pamoja, pakiti zinaweza kungoja saa nzima.

"Na mji mzima unapiga lini?" nikamuuliza.

Akainua macho, akatazama mawingu juu ya milima. Mji mzima unapiga mvua ikiwa kubwa. Kwa hiyo sanduku linasema vizuri siku ambazo hakuna cha kusema, na siku ya hatari linazibwa mdomo na watu wanaoulizana kama kuna hatari.

"Na ule ukurasa kwenye simu yangu mbona unafunguka?"

"Ukurasa na ujumbe vinapita mtandao mpya; simu za sauti bado zinapita ule wa zamani. Sanduku wamenunua la zamani."

Kisha akaniambia jambo lililoniudhi kuliko yote. Kompyuta ya ofisi isipopata namba mpya, inaendelea kuonyesha ya mwisho, kwa kijani. Yeye alipendekeza baada ya dakika ishirini za kimya duara ligeuke jeusi, lisomeke "haijulikani". Mkuu alikataa. Alisema wageni wakija ofisini, duara jeusi litaleta picha mbaya.

Nimemwomba Injinia radhi kimoyomoyo kwa yale niliyoyasema kuhusu viatu vyake. Kwa mdomo bado.

Machi 30

Nguzo: moja na tisini. Ukurasa ulichelewa dakika ishirini na tano.

Aprili 2

Dakika thelathini na nane. Kulikuwa na mvua na mechi kubwa siku moja.

Aprili 4

Nimeenda ofisini na daftari. Nilivaa gauni langu la kwenda kwenye shughuli, maana niliona jambo lenyewe ni zito. Nimeketi kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa sita. Mkuu alipita mbele yangu mara mbili, mara ya pili akiwa na kikombe.

Nilipoingia nilimwonyesha siku tatu za mvua, na dakika za kuchelewa kila siku. Alifunua kurasa mbili kwa kidole kimoja, kama anayekagua samaki aliyelala.

"Mama yangu, naelewa. Mashine ikichukua kazi ya mtu, mtu anaumia. Hata marehemu baba yangu aliumia."

"Sijaja kuumia. Nimekuja kukuambia king'ora kitachelewa, na bondeni kuna watoto."

"King'ora kimejaribiwa. Kililia vizuri sana."

"Kilijaribiwa kukiwa na jua."

Akasimama kuashiria kwamba mazungumzo yamekwisha. Hakuna siku nimejisikia mdogo kama leo, na nimejisikia mdogo mbele ya mtu ambaye hajui mto unatokea upande gani. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa.

Aprili 9

Barua ya onyo. "Kuingilia utendaji wa mfumo." Nimeitia ndani ya daftari hili.

Aprili 13

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mbili na kumi. Mdogo wangu hapokei simu zangu. Nilipomfuata akaniambia, "Dada, kila siku unaniambia maji, maji. Nikikusikiliza nitafunga chekechea." Tumeagana kwa shida.

Aprili 17

Mkono unauma lakini nitaandika yote leo, kabla mtu hajaja kuniambia haikuwa hivyo.

Saa tatu asubuhi nguzo ilikuwa mbili na kumi na tano. Mvua ilinyesha kwa namna ambayo ng'ambo ya daraja haikuonekana. Ukurasa ulisema moja na tisini. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, yanabeba matawi mabichi, na matawi mabichi maana yake huko juu kingo zinamomonyoka. Saa nne kasoro dakika kumi: mbili na hamsini. Ukurasa: moja na tisini, kijani.

Nikapiga ofisi. Mtandao ukasema laini zote zinatumika. Nikapiga tena, na tena, kama mara kumi. Kisha nikakumbuka maneno ya Injinia na simu ikanilemea mkononi. Kila nikipiga, na mimi nilikuwa nazisukuma pembeni zile pakiti. Nilikuwa natukana mji mzima kwa kosa ambalo mwenyewe nalifanya.

Saa nne na dakika ishirini, mbili na themanini. Nilisimama kuitazama alama yenyewe, maji yakiilamba. King'ora hakikulia. Nikamwandikia Mkuu ujumbe kwa ule mtandao mpya: "Mkuu, maji yamefika mbili na themanini. Nayaona kwa macho. Washa king'ora kwa mkono." Nikaona ameusoma. Nikaona anaandika. Jibu likaja: "Mfumo uko kijani. Endelea na majukumu yako."

Nilisoma maneno hayo mara tatu. Majukumu yangu ni kufuta vumbi, na mvua ilikuwa inanisaidia kulifuta.

Nikampigia mdogo wangu, laini zinatumika. Nikamwandikia, hakufungua. Saa nne na dakika thelathini na tano nikamwambia Fundi baiskeli anipeleke bondeni. Hakuuliza kwa nini. Alitazama maji, akatazama uso wangu, akaitoa baiskeli yenye kiti cha nyuma imara. Tulianguka mara moja, goti limevimba.

Saa tano kamili nilikuwa mlangoni kwa mdogo wangu. Watoto walikuwa wameketi kwenye mkeka wakipaka rangi picha za matunda. Mahali pakavu, pana joto. Nilijiona kama mwendawazimu aliyetoka mtoni.

"Wahamishe," nikasema.

"King'ora hakijalia, Dada."

"Kingeweza kulia kingelia. Sanduku limezibwa na simu za watu."

"Umekuja tena na hayo." Akatoa simu yake, yenye ukurasa ule ule wa idara. "Ona mwenyewe. Moja na tisini. Nimekuwa nikiiangalia tangu saa tatu, usifikiri mimi ni mzembe."

"Tangu saa tatu?"

"Tangu saa tatu."

"Na haijabadilika?"

"Haijabadilika. Si ndiyo nakuambia mto umetulia."

Nikamshika mkono, nikamvuta hadi barazani, ambapo mvua inalipiga bati hadi mtu hasikiki. Nikamwambia sikioni, "Mvua yote hii, saa mbili nzima, mto haujapanda wala kushuka hata kidole. Mto gani huo? Hiyo si namba ya mto. Ni picha ya mto wa kabla ya saa tatu."

Aliitazama simu, akalitazama bati. Uso wake ulibadilika polepole, nami nikamwona tena yule mtoto niliyembeba mgongoni. Kisha akageuka, akapiga makofi mara tatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya wanangu, tunaenda matembezi. Kila mtu amshike mwenzake."

Tuliwapeleka kwenye ghala la mbao la barabara ya juu. Fundi alibeba wawili wawili. Mdogo wangu aliwahesabu getini, akawahesabu njiani, akawahesabu ghalani: thelathini na saba. Wawili walilia kwa sababu wameacha picha zao hazijaisha. Mwenye ghala alitutandikia maturubai juu ya maranda.

Saa tano na dakika hamsini maji yaliingia uani. Tuliyaona kutoka juu. Hayakuja kwa kishindo, yalikuja kama mtu anayeijua nyumba. Yalifungua geti, yakapanda ngazi, yakaingia darasani. Muda mfupi baadaye yalikuwa kwenye madirisha, na mkeka ulitoka ukielea.

Saa sita na dakika kumi na mbili king'ora kikaanza kulia. Kililia vizuri sana, kama Mkuu alivyosema. Mdogo wangu alikaa chini juu ya maranda, akaziba masikio kwa mikono miwili, na hakuyazibua hadi kiliponyamaza.

Aprili 18

Redioni wamemhoji Mkuu. "Mfumo wetu wa kisasa umetoa tahadhari, na watoto wote wa chekechea wako salama." Nilikuwa nakunywa chai. Kikombe nimekivunja, na sikukivunja kwa bahati mbaya.

Aprili 20

Nguzo: mbili na tano. Yanashuka.

Aprili 22

Barua nyingine. Nimepewa siku saba nieleze kwa maandishi kwa nini niliacha kituo cha kazi bila ruhusa, na kwa nini nisichukuliwe hatua. Wameacha mistari mitatu ya kujibu. Nimeiweka mezani, na kila nikipita naiona.

Aprili 26

Mkutano wa watu wa bonde na idara, kwenye ukumbi wa shule. Wazazi walijaa hadi madirishani. Mkuu alikuja na mashine ya kurusha picha ukutani. Akaonyesha mchoro wa mto wa siku ile: mstari mmoja unapanda vizuri, haujakatika popote. Sanduku, kumbe, huandika kwenye kila pakiti saa ambayo maji yalipimwa. Zile zote zilizongojea njiani zilipofika, kompyuta ilizipanga kila moja mahali pake kama vile hazikuchelewa.

"Mnaona?" akasema Mkuu, kijiti mkononi. "Saa nne na dakika ishirini, mfumo wetu umeinasa mbili na themanini. Hii ndiyo sayansi."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mdogo wangu akasimama. Huwa haongei mbele za watu. Hata harusini kwake alinisukuma mimi nishukuru wageni.

"Mkuu," akasema, "mimi ndiye mwenye ile chekechea. King'ora kimelia saa sita na dakika kumi na mbili. Kama mlijua tangu saa nne na ishirini, mlikuwa mnangoja nini saa mbili kasoro?"

Makofi yakakatika. Mkuu akamgeukia Injinia aliyekaa mstari wa mbele. "Injinia atafafanua upande wa kiufundi."

Injinia akasimama. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua. "Ilipimwa saa nne na ishirini," akasema. "Ilitufikia saa sita na kumi na mbili. Simu zilikuwa nyingi, pakiti zikangoja. Niliandika mwezi wa pili kwamba itatokea."

"Kwa hiyo," Mkuu akawahi, "ni suala la mtandao. Hakuna mtu yeyote ambaye angeweza kujua."

Mdogo wangu alininyooshea mkono bila kunitazama. Nikampa simu. Akaisoma pale pale, taratibu, kama anavyowasomea watoto wake: saa niliyoandika, nilichoandika, saa aliyosoma, na alichonijibu. Aliporudia "mfumo uko kijani", mama mmoja nyuma alianza kulia. Baba aliyekaa jirani yangu akamwambia Mkuu akae chini, na Mkuu akakaa.

Ilinibidi nifurahi. Sikufurahi. Watoto walipona kwa sababu Fundi hakuuliza swali na kwa sababu mdogo wangu alilitazama bati. Hilo ndilo limesimama kati yetu na mazishi thelathini na saba, na mtu aliyelipwa kuyazuia alikuwa amekaa ofisini akiangalia rangi. Bado nina hasira. Nadhani nitakuwa nayo masika yote yajayo.

Tukitoka mdogo wangu alinishika kiwiko. Hakuomba radhi, nami sikungoja aombe. Aliuliza, "Goti linaendeleaje?"

Aprili 29

Leo ndiyo siku ya mwisho. Barua haijafutwa. Wananiambia Mkuu amepewa likizo, lakini karatasi zake bado zinatembea zenyewe. Nimechukua kalamu na kuijaza ile mistari mitatu, kisha nikanakili hapa ili nisije nikaambiwa niliandika kingine:

"Niliacha kituo saa nne na dakika thelathini na tano. Maji yalikuwa yameniacha robo saa nzima, na yalikuwa yanaelekea kwa watoto. Ilibidi niyapite njiani."